Vuta Polepole

4 Machi

Pilipili, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo hukunidanganya. Nimepata mahali pamoja tu: kwenye salamu. Desemba uliteleza bafuni. Januari mlango wa jikoni ulikugonga jicho. Sasa unasema umeanguka kwenye ngazi, na nyumba yenu ni ya chini, haina ngazi hata moja. Nimekaa kwenye nyumba hiyo, au umesahau? Ukitaka kunidanganya, basi jitahidi kidogo.

Ndiyo maana safari hii nimetuma barua karakana, kwa mkono wa Fundi Mkuu, na si nyumbani. Simu yako inapokewa na mumeo. Nikipiga ananiambia umelala, hata saa nne asubuhi. Fundi Mkuu ni mwajiri wako na ni mama mtu mzima, hawezi kufungua barua ya mtu. Kaa hapo kwenye cherehani yako uniandikie ukweli.

Umeuliza kama bado nachezea sindano. Bado, na hapa maabara wameshanibatiza Mama Sindano. Nikueleze tena, safari hii usisinzie. Tuna hadubini isiyotazama kwa mwanga, yenyewe inapapasa. Ina sindano ambayo ncha yake huwezi kuiona kwa macho, na kwenye ncha hiyo tumefunga protini. Chini yake, ndani ya maji, tumelaza uzi mwembamba mno wa selulosi, ile inayoupa mmea ugumu. Nyuzi zako za pamba ni selulosi karibu tupu. Tunashusha sindano, protini inaushika uzi, halafu tunaivuta juu mpaka iachie, na kompyuta inatuambia imeachia kwa nguvu kiasi gani. Protini hiyo ni mkono wa kimeng'enya kinachotafuna mimea: mkono unashika ili kinywa kitafune. Tukiujua vizuri huo mkono, huenda siku moja mabua na maranda yakageuzwa mafuta ya magari. Kwa hiyo mimi kutwa nzima nagusa na kuvuta, nagusa na kuvuta, na watu wananiita msomi.

Sasa niandikie. Ngazi gani?

Dada yako

15 Machi

Dada Profesa,

Sawa. Hakuna ngazi.

Ananipiga tangu mwezi wa pili wa ndoa. Halewi, hanywi hata tone, na hilo ndilo linalomfanya Mama amsifu kwa majirani. Hupiga akiwa ametulia. Anavua saa, anaiweka mezani, anakunja mikono ya shati. Nikiona ile saa inavuliwa, najua kinachofuata. Siku ya "ngazi" alinikanyaga shingo na kiatu cha kazi, kile chenye chuma mbele, huku akiniuliza kwa sauti ya chini kwa nini chai imepoa. Nilijikojolea. Nakuandikia na hilo kwa sababu umetaka ukweli. Juzi alinivuta kwa nywele kutoka sebuleni hadi chumbani, akanigongesha kichwa kwenye ukingo wa kitanda mpaka nikaona giza. Nilipozinduka alikuwa ananipaka dawa na kunitania kwamba nina kichwa kigumu.

Nimemwambia Mama. Akasema mkwe wake hana kasoro, nipunguze mdomo.

Nataka kuondoka leo hii. Fundi Mkuu ana chumba cha nyuma, ananiambia kila siku nihamie. Lakini yule ameniapia: siku nikitoka atanifuata, na akinipata hataniua, atahakikisha sishoni tena. Unaijua kazi yake, anaendesha mashine ya kukatia karatasi kwa wapiga chapa, kisu kimoja kinashuka na rimu nzima inakatika. Aliwahi kunipeleka nikaione. Akanishika kidole, akakiweka chini ya kisu, akacheka. Wenzake nao wakacheka.

Maji yamenifika shingoni, Dada. Wewe ndiye mwenye akili kwetu. Utakaloniambia nitalifanya.

Pilipili

27 Machi

Pilipili wangu,

Nililia mpaka mwenzangu wa maabara akaniletea maji akidhani nimevuta hewa ya kemikali. Halafu nikataka kupanda basi nije nimng'oe huyo mwanamume meno kwa koleo, moja baada ya jingine. Sikutanii. Nimeliangalia hilo koleo siku nzima. Na Mama naye nitakuja kuzungumza naye, na sitapiga magoti.

Lakini hasira zangu hazitakutoa mle ukiwa mzima. Umeniomba akili, basi nisikilize. Mimi nimeivuta ile protini maelfu ya mara. Ukivuta sindano kwa haraka, mkono unang'ang'ania, na nguvu ya kuuachanisha inakuwa kubwa. Mara nyingine hata ncha inaharibika. Ukivuta polepole, mkono ule ule, uzi ule ule, unaachia kwa nguvu ndogo tu. Unatikisika kidogo kidogo humo majini mpaka unajiachia wenyewe. Nimeliona kwa macho yangu, nimeliandikia makala, halina ubishi.

Basi na wewe usikurupuke. Kila unapokwenda karakana vaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, na ya ndani uiache kwa Fundi Mkuu. Leo gauni, kesho kutwa sweta. Vyeti vyako viwe vya mwisho. Akisema jambo, mkubalie. Akitania, cheka. Mwache aamini amekushinda kabisa. Mkono wake utalegea, na siku ya kutoka utatoka kama mtu anayekwenda dukani, yeye hata hajageuza shingo.

Usimshtue, mdogo wangu. Vuta polepole.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Nimeanza. Gauni la kijani limetoka, na sketi ya kanisani, na sweta uliloninunulia. Fundi Mkuu anazipokea huku amenuna. Anasema hajawahi kuona mtu anakimbia moto kwa kuhama na kijiko kimoja kimoja. Nimemwambia dada yangu ni mtaalamu wa mambo haya.

Namkubalia kila kitu. Nacheka. Misuli ya mashavu inaniuma kwa kucheka.

Wiki hii hajavua saa hata mara moja. Ananitazama tu. Akinitazama hivyo natamani anipige yaishe, maana kipigo nakijua na macho yale siyajui. Una hakika, Dada?

Pilipili

6 Mei

Mheshimiwa shemeji, bibi mkubwa wa sindano,

Leo nimeona nikuchokoze kwa barua, maana kwa simu huwa unanisalimia haraka haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sisi watu wa chini nasi tunapenda kusikia mawili matatu kutoka kwa wasomi.

Mdogo wako hajambo. Amekuwa mpole siku hizi, mpaka nashangaa. Nikisema kaa, anakaa. Nikitania, anacheka, tena anacheka kabla sijamaliza utani. Kama ni wewe uliyempa mafunzo, shemeji, pokea shukrani zangu. Mama naye amefurahi, anasema hatimaye mwanawe amekua.

Kazini namshukuru Mungu. Juzi juzi waliniletea rimu iliyochomolewa karatasi wakidhani sitajua. Mimi sihesabu. Napitisha kidole gumba ubavuni mwa rimu, najua imechomolewa, na najua imechomolewa wapi. Wewe una sindano yako na mimi nina kidole changu, nadhani kazi yetu ni moja. Hata kabati letu hapa nyumbani naliona linakonda. Nikamwambia mdogo wako labda nguo nazo zimeanza kujinyima chakula kama yeye. Alicheka sana.

Karibu utusalimie. Ila usikawie mno.

Shemeji yako

14 Mei

Pilipili,

Analegea!

Mumeo ameniandikia barua, imejaa utani tele na heshima tele. Anakusifu kwa upole, ananishukuru mimi! Ananieleza kidole gumba chake kinavyozijua rimu, eti kazi yake na yangu ni moja. Akatania mpaka kabati lenu, kwamba linakonda. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mtu akitania jambo ujue hana habari nalo. Angekuwa na habari, asingekuwa na moyo wa kutania. Huyu angeshakuvunja mbavu.

Kwa hiyo tupo pazuri. Vimebaki vyeti tu. Mwache apoe wiki moja zaidi, kisha uvitoe, na siku ya pili yake usirudi. Nimeshakuandalia chumba, nimekununulia hadi shuka. Najua unachoka kucheka. Kaza moyo, umefika.

Dada yako anayejivunia

25 Mei

Kwako wewe mwenye akili kwenu,

Mimi ndiye Fundi Mkuu. Mdogo wako hawezi kuandika, mkono wake wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Barua yako ilifika yeye ameshalazwa, nimeifungua mimi, ukikasirika shauri yako. Nilimsomea wodini kwa sauti, nilipofika hapo unapocheka peke yako nikaparuka, nikamwambia dada anakusalimu.

Alichomoa vyeti siku ambayo mumewe alijifanya amekwenda kazini. Mwanamume alikuwa uani. Alimwacha avichomeke kiunoni, akamwacha afike mlangoni, ndipo akaingia na kuvua saa. Akazitoa nguo zote zilizobaki kabatini, akazipanga kitandani kama zilivyokuwa zimepangwa kabatini, na pale penye nguo iliyotoka akaacha nafasi. Akawa anaonyesha kila nafasi. Gauni la kijani liko wapi? Sweta liko wapi? Asipojibu, ngumi. Akijibu, ngumi. Alikuwa anajua tangu nguo ya kwanza, binti. Alimwambia mwenyewe kwamba alikuwa anapitisha kidole kwenye zile nguo kila jioni, na alimwacha makusudi, alitaka kuona atathubutu mpaka wapi.

Nafasi zilipokwisha, aliushika mkono wa kulia, akaviingiza vidole penye bawaba za mlango wa kabati, akaufunga. Akaufungua, akaufunga tena kwa bega. Majirani walisikia yote na wamenisimulia bila haya. Daktari amekata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Mbavu zimevunjika. Sikio la kushoto halisikii.

Chumba changu cha nyuma kiko wazi tangu mwezi wa pili. Angekuja na nguo aliyovaa tu, mimi nina vitambaa mpaka darini, ningemshonea. Kila nikimwambia, ananijibu dada amesema polepole.

Sasa meza hili la mwisho. Jana mumewe alikuja wodini na mama yenu, amebeba matunda, akamwambia muuguzi mkewe alibanwa na mlango. Mama yenu akasimama pale akimpa pole mkwe wake. Nilipiga kelele, mlinzi akanitoa mimi. Mdogo wako amerudishwa kwenye nyumba ile ile. Haya, wewe uliyesoma niambie, polepole mpaka lini?

Fundi Mkuu

2 Juni

Mdogo wangu,

Nimekosea. Sina namna nyingine ya kulisema. Sijala, siwezi kuishika sindano.

Protini haina macho. Haikai ikiitazama sindano inavyoondoka, haina kidole gumba, haina kinyongo. Nilimfananisha mtu anayekuchukia na kitu kisichojua hata kwamba kipo. Mtu wa kawaida asingekosea hivi. Ilibidi nisome miaka yote hiyo ndipo nikosee namna hii, na vidole vilivyokatwa ni vyako.

Toka leo. Usichukue cheti, usichukue kiatu, usimuage mtu. Ukishaipata barua hii usirudi nyumbani tena, panda basi la kwanza uje kwangu. Nitakaa kituoni kila siku mpaka nikuone. Fundi Mkuu, ukiifungua hii wewe, nakuomba kwa magoti, mtoe mle hata kwa kumbeba.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini toka.

Dada yako

11 Juni

Dada,

Naandika kwa mkono wa kushoto, usiniulize mwandiko.

Barua yako imenikuta nimeshatoka. Ilikuwa asubuhi. Alitaka nimpigie pasi shati la kazi, nikamwambia kwa mkono mmoja siwezi. Akasema, "Si unao huo mwingine?" Nikapiga. Yeye akainama kufunga kamba za viatu. Sikupanga, Dada, nakuapia sikupanga hata dakika moja. Nilimbandika pasi shavuni, nikaisukuma, sikuiondoa. Ngozi ililia kama mafuta ya kukaangia. Alinguruma, akanidaka nywele. Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote mpaka ngozi ya kichwa ikachanika, na yeye akabaki na nywele zangu mkononi. Nikamshindilia tena kwa ncha ya pasi, nadhani jichoni. Nikakimbia bila viatu, damu inanimwagikia usoni. Watu njiani walinipisha tu.

Alinifuata mpaka karakana, uso unamvuja. Fundi Mkuu alisimama mlangoni na mkasi mkubwa wa kukatia mapazia, mafundi wote nyuma yake, kila mmoja na mkasi wake. Aliwatazama, akageuka.

Sasa nisikilize wewe, zamu yangu imefika. Siji kwako. Anakujua unapokaa na unapofanyia kazi, na akishindwa hapa kwako ndiko atakakokwenda. Na sitakuambia nilipo. Anajua Fundi Mkuu peke yake, na yule hata umchune ngozi hasemi. Usimuulize. Usimtume mtu amuulize.

Ile barua ya mwezi wa tano nimeisoma mwenyewe, na lile aliloliruka Fundi Mkuu aliponisomea nimelisoma. Nakupenda, lakini nikifumba macho nakuona unacheka peke yako. Labda itapita. Bado haijapita. Usinipangie tena jambo lolote, hata dogo, hata la kheri.

Pilipili

1 Julai

Pilipili,

Barua hii Fundi Mkuu atakufikishia huko uliko. Sikumuuliza.

Alikuja. Alinikuta maabara mchana, wenzangu wamekwenda kula. Alama ya pasi imemkaa usoni, jicho moja limezibwa. Aliniita shemeji. Alifunga mlango kwa ufunguo, akavuta kiti, akaniuliza ulipo, kwa upole, kama anayeulizia ofisi.

Nikasema sijui. Alinipiga tumboni, nikaanguka, akaninyanyua kwa kola na kunigongesha uso kwenye meza mpaka meno ya mbele yakatoka. Akauliza tena. Nikasema sijui. Alinikandamiza sakafuni kwa magoti, akaukamata mkono wangu wa kushoto, akakipinda kidole kwa nyuma mpaka kikavunjika, akauliza. Akaenda kwenye cha pili, akauliza. Nilipiga kelele sijui, sijui, mpaka sauti ikakauka, na alivivunja vyote vya mkono ule. Mwisho aliamini. Alisimama, akaiangusha hadubini sakafuni na kuikanyagakanyaga kwa kile kiatu, na huo mshindo wa vyuma ndio uliowaleta walinzi. Walivunja mlango. Yuko mahabusu na mahakama imemnyima dhamana. Ya kwako na yangu yamewekwa pamoja kwenye kesi moja, na wakili anasema miaka atakayopewa si haba.

Mama alikuja wodini. Aliutazama mdomo wangu muda mrefu, akakaa chini, akalia. Sikumbembeleza.

Kila anayekuja hapa ananisifu. Mkubwa wangu wa kazi anasema nilikuwa simba, nilikubali kuvunjwa ili nikulinde. Wauguzi wanaletana kunitazama. Nawaachia waseme, mdomo wenyewe unaniuma. Lakini wewe sitakuficha. Nilipokuwa pale sakafuni, chini ya magoti yake, nilikuwa natafuta kichwani mwangu jina la mtaa, jina la mji, rafiki yako yeyote wa zamani, kitu chochote nimpe aniache. Nilitafuta kwa bidii zangu zote na sikuwa nacho.

Ulifanya vizuri kutoniambia, mdogo wangu. Kidole cha kwanza tu, ningesema.

Dada yako